Tupeni Picha Nzima: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Barabara Kuu, Iringa hadi Mbeya

Waheshimiwa,

Kamwene. Hiyo ndiyo salamu yetu Iringa, na naitanguliza mapema kwa sababu huko mbele maneno yangu yatapungua utamu.

Nawaandikia ninyi mnaogawana dhamana ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia katika kipande chake cha Iringa, Njombe na Mbeya: mnaowapanga askari wa kusimama na tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo wa magari, mnaosimika vibao, mnaoendesha ule mfumo unaotoa namba ya malipo, na mnaokaa kwenye vikao vya usalama barabarani vya mikoa. Simtaji mmoja wenu. Jambo lenyewe limekaa katikati yenu, na kila nikimfikiria mmoja namwona akiinua mikono na kusema hilo ni la wenzake.

Ombi langu ni moja, na mwenye haraka anaweza kuishia kwenye aya hii. Dereva anapoandikiwa kosa la mwendo kwa kupigwa tochi, apewe picha nzima, yenye mwendo, umbali uliopimwa, saa na mahali, na ikae pamoja na deni lake kwenye mfumo ule ule anaolipia. Kama picha hiyo haipo, faini isiandikwe.

Nimelipa shilingi 30,000 kwa kosa ambalo sikulitenda. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunatoka Iringa kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi naendesha, shangazi yangu kando, watoto nyuma. Mpango ulikuwa tulale Tukuyu kwa ndugu, kesho yake tukaone Daraja la Mungu kule Kiwira, ndipo tuteremke Kyela. Ipogolo, Ifunda, Mafinga, Nyololo, Makambako: mahindi ya kuchoma na ugomvi wa watoto kuhusu nani akae dirishani. Baada ya Makambako, kabla ya Igawa, tukasimamishwa. Mahali hasa sipataji, maana sitaki barua hii igeuke mashtaka dhidi ya vijana waliokuwa zamu siku ile.

Askari aliyetusimamisha alikuwa mstaarabu. Alimwamkia shangazi shikamoo, akaomba leseni, akaangalia bima na mikanda. Hakuomba hata maji ya kunywa, na nalisema hilo wazi kwa sababu najua mkisoma malalamiko ya dereva mnategemea hadithi ya rushwa. Hii si hadithi hiyo. Kila mtu siku ile alifuata utaratibu aliopewa, na bado nikaonewa.

"Dada," akasema, "nyuma huko umepita na 71 kwenye 50." Akatoa simu yake, akanionyesha picha aliyotumiwa na mwenzake kwa WhatsApp.

Naomba tukae kidogo kwenye picha hiyo, kwa kuwa kesi yote imo ndani yake. Kwanza, ilikuwa picha ya picha. Mtu aliipiga kwa simu skrini ya ile tochi, hivyo kulikuwa na mng'ao wa jua juu na kivuli cha kidole pembeni. Katikati lilikuwa gari letu, linatazama mbele, namba zinasomeka bila shida. Juu yake, 71. Chini kulikuwa na mstari wa tarakimu nyingine, lakini aliyepiga picha aliukata nusu. Vilionekana vichwa vya tarakimu tu. Na upande wa kulia wa picha, karibu zaidi na mpiga picha kuliko lilivyokuwa gari, palisimama nguzo yenye bamba la duara, la kijivu, lisilo na maandishi.

Shangazi ndiye aliyeliona. Amefundisha hisabati shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, na kustaafu hakujamwondolea tabia ya kutafuta mahali mwanafunzi alipokosea. Akavaa miwani, akaomba aishike simu, akaitazama. "Mwanangu," akamwambia askari, "huu si mgongo wa kibao cha hamsini? Mbona gari letu liko nyuma yake?"

Kwa asiyewahi kusimama upande wa pili wa kibao, naeleza. Kibao cha mwendo humtazama dereva anayekuja. Askari aliyesimama mbele zaidi na tochi, akimtazama dereva huyo huyo, anaona mgongo wa kibao, ambao hauna rangi nyekundu wala namba. Mgongo huo ukionekana kwenye picha ukiwa karibu na mpiga picha, na gari likiwa mbali zaidi ya nguzo, basi gari halijakifikia kibao. Hakuna namna nyingine ya kuisoma picha ile. Mimi nilikuwa bado nje ya eneo la 50 nilipopimwa, na amri ya 50 inaanza penye kibao. Haianzi pale jicho la tochi linapofika.

Na jicho hilo linafika mbali. Tochi za kisasa hupima kwa miale ya leza, na zinaweza kulinasa gari likiwa bado mita mia kadhaa kutoka kwa askari. Askari anaweza kusimama vizuri kabisa ndani ya kijiji, mahali halali, na kumpima mtu ambaye bado yuko porini. Gari la kilomita 71 kwa saa linakata karibu mita 20 kila sekunde. Bonyeza sekunde tatu mapema na umempima dereva mita 60 kabla ya mpaka. Ni kumtoza abiria nauli angali amekaa kituoni, kisha kumwambia: si ulikuwa unataka kupanda?

Najua swali linalofuata, kwa sababu askari naye aliniuliza: kama uliona kibao mbele, 71 ya nini? Nilikuwa na 71 kwa sababu nilikuwa napunguza. Anayetoka kwenye 90 akitaka kushuka hadi 50 kwa breki za upole anahitaji zaidi ya mita 100, na ndani ya mita hizo atapita kwenye 80, kwenye 71, kwenye 60, hawezi kuziruka. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mafuta la kwenda Zambia. Ningekanyaga breki kwa nguvu ningefika penye kibao na 50 kamili, na lile lori likiwa kwenye buti.

Askari alimsikiliza shangazi hadi mwisho. Aliitazama tena ile picha, nikaona kabisa kwamba ameelewa. Kisha akasema sentensi ambayo ndiyo imenifanya niwaandikie ninyi badala ya kumlaumu yeye: "Mama, mimi nimetumiwa tu. Aliyepima yuko nyuma kule."

Nikasema basi nirudi kwa aliyepima. Akasema huenda keshahama. Nikamwomba anitumie picha ile kwenye simu yangu, akasema hawaruhusiwi kuitoa. Nikauliza kama anaweza kumpigia mwenzake amwulize alisimama wapi. Akapiga, simu haikupokelewa. Hatimaye akanieleza, kwa upole ule ule, kwamba nikiona sikutendewa haki nina uhuru wa kulikana kosa na kwenda mahakamani, na huko ndiko picha itakakoonyeshwa.

"Lipa mwanangu twende," shangazi akasema. "Ukungu wa milima ya Uporoto hautatusubiri."

Ndivyo yanavyoisha haya mambo karibu kila siku kwenye barabara hii. Dereva analipa kwa sababu giza linaingia, ana watoto kwenye gari, ana abiria wanaolalamika, ana mgonjwa, ana mzigo wa nyanya unaoiva. Malipo yake yanaingia kwenye hesabu zenu na kosa linahesabika limekubaliwa. Halijakubaliwa. Limeshindikana kubishiwa.

Nimefikiri sana kuhusu hiyo elfu thelathini. Ni kubwa ya kumuumiza mtu na ni ndogo mno ya kuipeleka mahakamani. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, haimlazimishi dereva kukiri. Anaweza kukana na kesi ikasikilizwa. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu mahali ambapo haki na wajibu wake vinaamuliwa, na haki ya kukata rufaa; kifungu kinachofuata kinakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Maneno mazuri. Lakini mimi ni mkazi wa Iringa na mahakama ingekuwa huko huko lilikoandikwa kosa. Nauli ya kwenda na kurudi, gesti ya kulala, siku ya kazi iliyopotea, na kesi ikiahirishwa yote yanaanza upya. Mtu mwenye akili timamu analipa. Hata wakili angemshauri alipe, kisha amtoze fedha ya ushauri.

Na wapo walio na hali mbaya kuliko yangu. Dereva wa kosta wa kuajiriwa akiandikiwa, bosi anakata kwenye hesabu ya jioni. Haijalishi kibao kilikuwa wapi. Deni likikaa siku nyingi linaongezewa adhabu, na kwa kuwa linashikamana na namba ya gari, mtu ananunua gari la mkononi na kulikuta limebeba mwendo wa mwenye gari wa zamani. Huyo hata ile simu ya askari hakuwahi kuiona.

Sasa turudi kwenye picha, maana hapo ndipo dawa ilipo na si dawa ya gharama.

Kosa la mwendo lina mambo matatu ya kuthibitisha: gari gani, mwendo gani, mahali gani. Mawili ya kwanza tochi inayajibu vizuri, wala sina ugomvi na mashine. La tatu limeachwa kwenye kumbukumbu ya mtu aliyekaa kivulini barabarani, ambaye baada ya saa moja atakuwa kijiji kingine. Kikaratasi nilichopewa, kile kinachotoka kwenye mashine ya mkononi, kina namba ya gari, jina la kosa, kiasi cha fedha na namba ya malipo. Mahali kimeandika jina la barabara. Barabara nzima! Ningekuwa na uwezo wa kwenda mahakamani, ningeanza kujitetea kilomita ya ngapi?

Kile ambacho kingejibu swali hilo kilikuwepo, kikapotezwa njiani. Tochi za leza zenye kamera hurekodi umbali kati ya mpimaji na gari, pamoja na saa. Umbali huo ukiunganishwa na mahali askari alipokuwa amesimama, mtoto wa darasa la sita anaweza kutoa na kupata kama gari lilikuwa limevuka kibao. Lakini picha inapigwa upya kwa simu, umbali unakatwa na fremu. Simu yenyewe inaweza kujua iko wapi duniani na kuandika ndani ya picha. Picha ikipitia WhatsApp, taarifa hiyo inafutika. Kwa hiyo kila hatua kutoka kichakani hadi kwenye kioo cha gari langu inaondoa kitu, na kinachoondolewa ni kile kile ambacho kingemsaidia dereva. Namba ya gari haipotei kamwe. Nimelitazama hilo kwa jicho la wema na sijaona nia mbaya ndani yake. Nimeona uzembe ambao umekaa upande mmoja tu wa mizani.

Askari aliyeniandikia hakupima. Aliyepima hakuniona uso wala hakuulizwa neno. Katika mazingira hayo, yule kijana mstaarabu alikuwa hana lolote la kunifanyia hata alipoona kwamba shangazi yuko sahihi. Hana kitufe cha kusema "hii nina shaka nayo". Mkimpa kitufe hicho, mtashangaa mara ngapi atakitumia.

Mtaniambia utaratibu wa kutuma picha mbele upo kwa sababu ni hatari kulisimamisha gari la kasi pale pale linapopimwa. Kweli. Endeleeni kuituma, ila itumeni kupitia mfumo wenu, ikitoka kwenye tochi moja kwa moja, ikiwa kamili. Leo nikiingiza namba ya gari langu kwenye ule mfumo wa kuangalia madeni, naona kila kinachohusu fedha: kiasi, namba ya malipo, tarehe, kama nimelipa au sijalipa. Kinachohusu kosa ni mstari mmoja. Mahali palipo na nafasi ya namba ya malipo pana nafasi ya picha. Na mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya VTS, yaani vya kufuatilia mwenendo wa gari, vinavyosimamiwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ambavyo vinajua basi lilikuwa wapi na lilikimbia kiasi gani. Kwa hiyo nchi hii inajua kabisa jinsi ya kuandika mwendo na mahali kwa pamoja. Imeamua kufanya hivyo kwa basi na haijaamua kwa tochi.

Nasikia mwingine wenu akisema: huyu anatetea madereva wa mwendokasi. Hapana, ndugu yangu. Sisi tunaoishi kando ya barabara hii hatuhitaji kukumbushwa inachoweza kufanya. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakafa. Hapa kwetu bado watu wanapunguza sauti wakipataja. Miteremko ya Inyala na Mbalizi imeua familia nzima nzima. Kwenye mteremko wa Kitonga hakuna anayebisha kibao chochote, na akitokea mbishi, jirani yake kwenye kiti atamnyamazisha. Mimi mwenyewe nataka tochi ziwepo. Watoto wanavuka barabara kwenda shule Halali, Chimala, Igurusi, na lori haliwaonei huruma.

Ndiyo maana nachukia faini za namna ile niliyolipa. Zinaharibu kazi ya zile halali. Dereva akishaamini kwamba anaweza kuandikiwa hata akifuata kibao, anaacha kukitazama kibao na kuanza kumtafuta askari. Mtu anapita katikati ya kijiji na 80 kwa kuwa amepigiwa taa na mwenzake kwamba njia ni nyeupe, kisha anatambaa na 40 porini penye mti mmoja wenye kivuli kizuri kwa sababu "pale huwa wanakaa". Kupigiana taa kumekuwa udugu. Dereva wa Land Cruiser na dereva wa lori la mbao kutoka Sao Hill hawana wanachofanana ila hicho. Nani amewafundisha udugu huo? Hawakuzaliwa nao.

Kuhusu vibao vyenyewe nitasema machache, maana ni ugomvi wa zamani. Kuna vijiji vina kibao cha kuingilia 50 na havina cha kuifuta, kwa hiyo dereva mgeni hajui amri imekwisha wapi. Wenyeji tunakisia kwa kuangalia nyumba ya mwisho, na nyumba ya mwisho kila mwaka inasogea. Masika majani yanapanda hadi kwenye shingo ya nguzo. Bamba linagongwa na lori linabaki limetazama mtaroni. Jijini Mbeya, kwenye ujenzi wa njia nne, alama za muda zinahamishwa na lazima mtu awe na taarifa kuwa zimehamishwa wapi. Askari anayepangiwa kupima mahali aanze kwa kupiga picha kibao siku hiyo hiyo, kionekane kimesimama na kinasomeka, ndipo awashe tochi. Kazi ya dakika moja. Rasta chache, yale matuta madogo ya kutikisa gari, kabla ya kibao zingesaidia kuliko faini zote za mwezi, lakini nimesema sitaliendeleza hilo.

Narudi kwenye njia ya kulalamika, kwa sababu picha peke yake haitoshi kama hakuna wa kuionyesha. Nataka dereva aliyeandikiwa Igawa aweze kulipinga deni akiwa Iringa, Songea au Tunduma, kwa simu yake, akiandika sababu mistari mitatu, na mtu ambaye hakuhusika na kuandika kosa aitazame ile picha na kutoa jibu. Adhabu ya kuchelewa isimame wakati anasubiri. Akishindwa, alipe. Akitaka mahakama, mlango ubaki wazi. Na akishinda, pesa irudi. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu nilipouliza jinsi ya kurudishiwa, nilitazamwa kama mtu anayeuliza njia ya kurudisha mvua mawinguni. Mfumo unajua kupokea kwa mitandao yote ya simu. Ufundishwe na kurudisha.

Msiseme haya hayawezekani. Mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, baada ya kuonekana kwamba kumtoza mwenye pikipiki sawa na mwenye lori hakuna mantiki. Mtu alikaa akafikiri, akapeleka hoja, ikapita. Hili langu hata kwenye bajeti halina haja ya kwenda. Mkuu mmoja akitoa agizo kwamba hakuna kosa la mwendo litakaloandikwa bila umbali na mahali, kesho asubuhi askari wataanza kusimama vizuri zaidi, kwa sababu watajua picha itaangaliwa.

Mna msemo mnaoupenda kwenye semina na katika Wiki ya Nenda kwa Usalama: sheria ni msumeno. Naukubali. Basi ukate na upande huo wa pili. Dereva akikutwa na leseni iliyoisha jana hasikilizwi kwamba alisahau. Inakuwaje ushahidi uliokatwa nusu upokelewe kwa sababu aliyepiga picha alikuwa na haraka?

Hati ya kosa na ujumbe wa malipo ninavyo. Picha sina, mnajua kwa nini, ila ninyi mnayo kama bado haijafutwa kwenye simu za wahusika, na kuifuta kwenye simu binafsi ni jambo jingine ambalo mngelitazama. Atakayepewa kazi ya kushughulikia barua hii nitampatia namba ya hati bila kusita. Kibao chenyewe nilikipita tena tulipokuwa tunarudi. Kipo, kimesimama, na mahali pa kujificha askari panajulikana na kila mwenye gari. Niko tayari kukutana naye pale siku yoyote ya kazi, kwa mafuta yangu, nikiwa na tepu ya mita 50. Shangazi anasema atakuja pia, mradi aarifiwe mapema.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Dereva na mlipa kodi,
Iringa